Miti yetu ya bluberi haikufa juu ya bahati mbaya: mambo yanayoamua mavuno



Siku chache zilizopita mdogo mmoja wa promosheni ya nyuma yetu aliniandikia: "Grand, udongo ya kwetu Walungu iko na asidi. Bluberi inapenda asidi. Likilimba yetu imefika dola 1200. Tununue miti ao tuache?" Alitaka neno moja tu, ndiyo ao hapana. Nikamwomba angoje, sababu neno moja la haraka ndilo lililonipotezea makuta mimi mwenyewe. Jibu langu ni hili andiko, na ninaliweka hapa juu najua si yeye peke yake anayewaza hivyo.

Kwanza nieleze tulivyopotea. Mwaka wa 2021, nilipomaliza lisansi ya agronomi, tulikuwa vijana wanne. Kila mmoja alitoa dola 150, jumla 600. Tulinunua miti 60 ya bluberi, ile tunda Wafaransa wanaita myrtille, kwa dola 5 kila mti. Pesa iliyobaki ililipa kukodi shamba, uzio na mtu wa kubeba maji. Shamba lilikuwa upande wa juu wa Goma, kwenye udongo mweusi wa volkano, ule unaotoa maharagwe na viazi mpaka watu wanashangaa. Mimi ndiye niliyekuwa mwanaagronomi wa kundi. Nikasema: udongo huu unakubali kila kitu.

Mwezi wa tatu majani yakaanza kuwa manjano, lakini mishipa ya majani ilibaki kijani. Mama mmoja mwenye shamba jirani akaniuliza: "Mutoto yangu, hii miti yenu iko na njaa ao iko na ugonjwa?" Nikamjibu ni njaa. Hapo sikukosea. Nilikosea dawa: niliweka samadi ya ng'ombe pamoja na majivu ya jikoni. Miti ikazidi kugeuka rangi. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili ilibaki 11, na hiyo 11 haikutoa hata kilo moja. Ndipo nilipoenda kupimisha udongo, kazi niliyopaswa kufanya mbele ya kutoa dola ya kwanza. pH ilikuwa 6,6.

Wenzangu walisema ni bahati mbaya. Hapana, haikuwa bahati. Kila kitu kilichotuua kinajulikana, na kingine kinajulikana tangu zaidi ya miaka mia moja.

Mavuno ni hesabu ya kuzidisha

Tukisema mavuno, tunawaza kilo kwa hekta. Lakini kilo hizo zinatoka kwenye vitu vitatu vinavyozidishwa: idadi ya miti, idadi ya matunda kwenye kila mti, na uzito wa kila tunda.

Chukua shamba lenye mistari iliyoachana mita 3, na miti iliyoachana mita 1 ndani ya mstari. Hekta moja inaingiza miti karibu 3333. Kila mti ukitoa matunda 2000, na kila tunda likiwa na gramu 1,5, mti mmoja unatoa kilo 3. Zidisha: karibu tani 10 kwa hekta. Mashamba mazuri ya biashara yanafika hapo, na mengine yanapita.

Sasa ona ubaya wa kuzidisha. Robo ya miti ikifa, nusu ya maua isiposhika tunda, na tunda likibaki na gramu 1 tu, hufiki kwenye nusu ya tani 10, unabaki na tani 2 na nusu. Kasoro hazijumlishwi, zinazidishana. Tena zero moja inatosha kufanya yote kuwa zero.

Jambo la pili ni lile tulilofundishwa mwaka wa kwanza kwa jina la Liebig, Mjerumani wa karne ya 19: mmea unakua kufuata kile kinachokosekana zaidi, haufuati kile kilicho kingi. Fikiri bidoni yenye matundu kandokando, kila tundu kwa urefu wake. Hata umwage maji namna gani, yatasimama kwenye tundu la chini zaidi. Kuziba matundu ya juu ni kazi bure. Samadi yangu ilikuwa kuziba tundu la juu, na majivu yalikuwa kupanua tundu la chini.

Basi tupite tundu kwa tundu.

1. Udongo: asidi kwanza, lakini si asidi peke yake

Mpaka mwanzo wa karne ya 20, watu wa Marekani walichuma bluberi porini tu. Waliojaribu kuihamisha kwenye mashamba mazuri waliona inakufa, kama yetu. Mtaalamu wa mimea Frederick Coville, wa wizara ya kilimo ya Marekani, alitangaza mwaka wa 1910 sababu yake: bluberi inataka udongo wenye asidi. Udongo "mzuri" wa bustani, uliowekwa chokaa, ndio uliokuwa unaiua. Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, alisoma kazi yake, akamwandikia, wakaanza kufanya kazi pamoja. Mwaka wa 1916 waliuza mavuno ya kwanza ya bluberi iliyolimwa. Biashara yote ya leo ilianzia kwenye jambo moja la pH.

Bluberi inafanya vizuri pH ikiwa kati ya 4,5 na 5,5. Ikipanda juu ya hapo, madini ya chuma yaliyo ndani ya udongo yanajifunga, mizizi haiwezi kuyachukua. Chuma kipo, lakini mti una njaa katikati ya chakula. Ndiyo yale majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Na kumbuka pH haihesabiwi kama kilo: kila namba moja ni mara kumi. Kutoka 6,6 mpaka 4,6 ni asidi mara 100 zaidi. Hiyo hauirekebishi kwa kikombe cha siki. Na majivu, kama chokaa, yanapandisha pH. Mimi mwenye lisansi niliipandisha kwa mikono yangu.

Pia mti huu una chakula chake cha nitrojeni. Mimea mingi ya shamba inakula nitrati bila shida. Bluberi inapenda amonia. Ndiyo maana wakulima wake wanatumia salfeti ya amonia, ambayo tena inasaidia kushusha pH, na wanakimbia mbolea za nitrati na zile zenye kloridi nyingi.

Sasa mizizi. Ing'oe bluberi uangalie: mizizi ni myembamba kama nyuzi, haina vile vinyweleo vya kunyonya maji ambavyo mahindi yanavyo, na mingi inakaa juu juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza. Porini inasaidiwa na fangasi wadogo wanaoishi ndani ya mizizi. Mizizi ya namna hiyo haina nguvu ya kupenya udongo mgumu wala haivumilii maji yanayosimama. Inataka udongo mwepesi, wenye mboji nyingi, unaopitisha hewa.

Mdogo wangu wa Walungu, hapa ndipo jibu lako la kwanza. Ni kweli udongo wa sehemu nyingi za Walungu na Kabare una asidi, na wakulima wanapigana nayo kwa maharagwe na mahindi. Lakini udongo huo mara nyingi ni wa mfinyanzi, umechoka, mboji imebaki kidogo, na mvua kubwa inasimama chini ya mlima. Kwa bluberi, umepata pH na umekosa hewa na mboji. Utahitaji kupanda juu ya matuta yaliyoinuka na kuchanganya maranda ya mbao ao maganda ya miti yaliyooza. Hayo yote ni gharama, lazima yaingie kwenye hesabu ya zile dola 1200.

Kuna alama mbili za kuangalia bure mbele ya kulipa laboratwari. Chai nayo inataka pH ya namna hiyo hiyo. Mahali chai inasitawi, kama kwenye vilima vya mashamba ya zamani ya Kivu, pH inaweza kufaa. Ya pili: ile mimea ya Erica, miti yenye majani madogo kama sindano inayoota juu ya Ruwenzori na Virunga, ni ya jamaa moja na bluberi. Inapenda udongo wa asidi wenye mboji. Lakini alama si kipimo. Alama inakuonyesha tu mahali pa kuchukua udongo wa kupima.

Kama pH iko juu kidogo, salfa ya unga inaweza kuishusha. Lakini si chumvi inayoyeyuka leo na kufanya kazi kesho. Bakteria za udongo ndizo zinazoigeuza kuwa asidi, na inachukua miezi. Kwa hiyo salfa inawekwa mbele ya kupanda, si baada ya majani kugeuka.

2. Maji: hata maji mazuri yanaweza kuharibu

Mizizi ikikaa juu, inakauka upesi. Kwa hiyo mashamba ya biashara yanatumia mipira ya matone, maji kidogo mara nyingi. Kiangazi cha wiki mbili wakati tunda linajaa kinatosha kupunguza uzito wa kila tunda, na ulishaona kwenye hesabu kile uzito unafanya.

Watu wengi hawajui kwamba maji nayo yana tabia yake. Maji yenye bikaboneti nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria, yanapandisha pH kila siku unapomwagilia. Unaweza kuanza na udongo wa 4,8 na baada ya misimu michache ukajikuta mbali kabisa. Kwa hiyo pima udongo, pima na maji.

Peru ndiyo inayofundisha zaidi kwa habari hii. Mwaka wa 2010 nchi hiyo ilikuwa karibu haiuzi bluberi nje. Baada ya miaka kumi na kidogo ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza nje. Tena wapi? Kwenye jangwa la mchanga la pwani, jimbo la La Libertad, ambako mvua karibu haipo. Maji yanaletwa kutoka mto Santa kwa mradi mkubwa wa umwagiliaji unaoitwa Chavimochic. Mchanga ule haukuwa na asidi wala mboji. Lakini mchanga unapitisha maji na hewa, na pH wanaisimamia kwa kutia asidi na mbolea ndani ya maji ya matone. Wengine waliacha udongo kabisa, wanapanda ndani ya vyungu vilivyojaa nyuzi za nazi. Kwa maneno mengine: hawakubahatika kupata udongo wa bluberi, waliutengeneza, na wakalipa gharama yake kila siku.

3. Mbegu na baridi: jina la mti ni sehemu ya mavuno

Miti yetu 60 haikuwa na jina. Muuzaji alisema "bluberi ya kisasa" na sisi tukanyamaza. Kosa kubwa.

Bluberi ya asili ya Amerika ya kaskazini inalala wakati wa baridi. Ili iamke na kutoa maua vizuri, aina za kaskazini zinahitaji saa 800 mpaka 1000 za joto lililo chini ya nyuzi 7 hivi. Hesabu mwenyewe: Bukavu, Goma ao Butembo tunapata wapi saa hizo? Mti wa namna hiyo utakaa kwako miaka mitano ukitoa majani tu, na wewe utazidisha mbolea ukifikiri ni njaa.

Kilichofungua mlango kwa nchi za joto ni kazi ya miaka mingi ya watafiti wa Florida na wa wizara ya kilimo ya Marekani, waliochanganya bluberi ya kaskazini na jamaa zake za kusini, kama Vaccinium darrowii, ambazo hazihitaji baridi nyingi. Aina moja iliyotoka kwenye kazi hiyo, Biloxi, ilitolewa mwaka wa 1998. Ndiyo iliyojaza mashamba ya kwanza ya Peru, sababu inatoa maua hata pasipo baridi kali, na majani yake hayaanguki yote. Huko mkulima ndiye anayepanga msimu kwa kukata matawi. Leo kuna aina nyingi mpya za namna hiyo, na nyingi zinalindwa kisheria: huwezi kuzizalisha kwenye pepinyeri yako bila ruhusa.

Lakini hata aina isiyohitaji baridi kali ina mpaka wake. Trujillo, mji mkubwa wa La Libertad, uko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, karibu mstari mmoja na Pweto yetu. Hauna joto kali juu bahari yake inapozwa na mkondo wa maji baridi wa Humboldt. Mwaka wa 2023 El Niño ikapasha ile bahari moto. Majira ya baridi yalikuwa na joto kuliko kawaida, maua yakachelewa na yakapungua, na mavuno ya nchi nzima yakashuka sana kuliko mwaka uliotangulia, mpaka bei ikapanda kwenye maduka ya Marekani. Udongo ulikuwa ule ule, matone yale yale, wataalamu wale wale. Tundu moja tu la bidoni liliteremka.

Kwetu miinuko ya Kivu ina usiku wa baridi kidogo, hiyo ni kitu kizuri. Kenya na Zimbabwe wanalima bluberi ya biashara kwenye miinuko yao, kwa aina zisizohitaji baridi nyingi. Kwa hiyo si ndoto. Lakini muuzaji asiyejua jina la aina anayokuuzia, hata kama ni rafiki, usimpe makuta.

4. Nyuki: ua bila mgeni ni ua bure

Ua la bluberi liko kama kengele ndogo inayotazama chini. Chavua iko ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha, kama chupa ya chumvi ya mezani. Ili itoke vizuri, lazima mtu aitikise. Nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya na Amerika, Wafaransa wanawaita bourdon, wanashika ua na kutetemesha mwili mpaka chavua inamwagika. Nyuki wetu wa asali hajui kutetemesha namna hiyo. Anafanya kazi kwa wingi, siyo kwa ufundi, ndiyo maana mashamba makubwa yanaleta mizinga mingi wakati wa maua.

Afrika kusini mwa Sahara haina wale nyuki wa manyoya kwa asili. Lakini tuko na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za nyumba. Yeye anajua kutetemesha. Sisi kwa kawaida tunamuua.

Uchavushaji unagusa namba mbili za hesabu yetu kwa mara moja. Ua lisilopata chavua linaanguka. Lililopata kidogo linatoa tunda lenye mbegu chache, na tunda lenye mbegu chache linabaki dogo na kuchelewa kuiva. Aina nyingi zinaongeza ukubwa wa tunda zikipata chavua ya aina nyingine, kwa hiyo kupanda aina mbili zinazotoa maua wakati mmoja ni akili. Na kupiga dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka ni kukata mavuno yako mwenyewe.

5. Kukata matawi, na uvumilivu

Bluberi inazaa kwenye matawi yaliyokua msimu uliotangulia. Matawi mazee yanachoka, matunda yanakuwa madogo. Kila mwaka mkulima anaondoa mazee machache ili mapya yatoke. Mtu asiyekata anapata matunda mengi madogo mwaka huu, na mti uliochoka mwaka unaofuata.

Lakini kazi ngumu zaidi ni ile ya mwaka wa kwanza: kutoa maua yote kwa mkono. Ndiyo, kutoa maua. Mti mchanga ukiachwa uzae, nguvu inakwenda kwenye tunda na mizizi inabaki midogo. Aina za kaskazini zilizopandwa ardhini zinafika kwenye mavuno kamili baada ya miaka 6 mpaka 8. Aina za kusini ndani ya vyungu zinakwenda mbio kuliko hapo, lakini kwa gharama kubwa. Likilimba inayotaka kurudisha pesa baada ya miezi sita, hii siyo mimea yake. Afadhali kabichi.

6. Kile kinachoingia sokoni

Tunda lililo kwenye mti bado si mavuno. Ndege wanalipenda, kwa hiyo watu wanaweka nyavu. Kuna inzi mdogo, Drosophila suzukii, mwenye asili ya Asia, aliyeonekana Ulaya na California tangu 2008. Tofauti yake na inzi wengine wa matunda ni kwamba hangoji tunda lioze. Anatoboa tunda zima linaloiva na kutaga ndani. Mvua wakati wa kuiva inapasua ganda na kuleta ukungu.

Tena matunda hayaivi yote siku moja. Wachumaji wanarudi kwenye mti ule ule kila baada ya siku chache, wiki nyingi mfululizo, na wanachagua kwa mkono. Tunda la bluu si lazima limeiva: linahitaji siku kadhaa zaidi, na likichumwa mbele ya wakati haliongezi utamu njiani. Likichelewa linalainika. Ukikosa wachumaji wa kutosha, mavuno yanabaki chini ya mti. Na baada ya kuchuma linataka baridi upesi, karibu na nyuzi 0, likae humo mpaka kwa mnunuzi.

Wandugu, mjiulize ukweli: umeme unakuja siku ngapi kwa wiki mahali mnapotaka kulima? Barabara inapitika wakati wa mvua? Mnunuzi ni nani, hoteli tatu za mjini ao ndege ya kwenda Ulaya? Hizo nazo ni matundu ya bidoni. Mtu anaweza kufaulu kwenye udongo, maji, mbegu, nyuki na matawi, halafu akapoteza yote ndani ya saa 48 kwa kukosa frigo.

Basi tununue ao tuache?

Mdogo wangu, jibu langu ni hili: msinunue bado. Kwanza mpime. Chukueni udongo mahali kumi ndani ya shamba, sentimita 0 mpaka 30, mchanganye, mpeleke laboratwari. Pelekeni na chupa ya maji mtakayomwagilia. Chimbeni shimo la sentimita 40, mjaze maji, muangalie kama asubuhi yamebaki. Muulizeni muuzaji jina la aina na saa za baridi inazohitaji. Ongeeni na wanunuzi watatu, muandike bei na kilo wanazotaka kwa wiki. Kazi hiyo yote haitakula hata sehemu ya kumi ya likilimba.

Majibu yakiwa mazuri, anzeni na miti 20, aina mbili zenye jina, ndani ya ndoo zilizotobolewa na kujazwa mchanganyiko mliopima wenyewe. Hiyo ndiyo ada yenu ya masomo. Miti 20 ikiwafundisha miaka miwili, mtajua kama 300 inawezekana. Ikifa, mtakuwa mmepoteza kidogo na mtajua tundu lilikuwa wapi. Sisi tulipoteza miti 49 na hatukujua sababu mpaka mwisho.

Na kama majibu ni mabaya, msihuzunike. Shamba lililokataa bluberi linaweza kuwa ndilo shamba la viazi. Pale petu tulipoondoa ile miti 11, yule mama jirani alipanda maharagwe. Msimu wa kwanza alitupa ndoo mbili kama kodi. Udongo ulikuwa mzuri kabisa. Sisi ndio tuliouomba kitu ambacho si chake, bila kuuliza.